Diski Isiyotaka Kupumzika

Nilidhani ni panya. Hapa Rumonge panya hawamwogopi mtu, na nyumba yetu imepakana na uwanja wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, basi sauti yoyote ya kutafuna tunamtwika panya bila hata kumsikiliza. Nilipiga meza kwa kandambili, nikavuta kabati, nikamtukana panya na ukoo wake wote. Sauti haikujali: krr, krr, krr, kimya kidogo, halafu krr tena. Nilipoinama na kutega sikio ndipo nikagundua kwamba kinachotafuna ni kompyuta, asubuhi kweupe, na hakuna mtu aliyekuwa ameketi mbele yake.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, sanduku jeusi zito na kioo chake. Binti yangu, aliyeolewa ng'ambo, alituletea alipokuja kutusalimia. Tunaishi wawili katika nyumba hii ya marehemu mama, mimi na kaka yangu mkubwa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kazi imestaafu, mdomo bado. Kaka alifiwa na mkewe zamani, hushona nyavu za wavuvi, na ni mtu anayeweza kumaliza wiki nzima kwa maneno ya kuombea chumvi tu. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kaka niliona kimya, mshindo nikachoka kuungoja.

Ningekuwa na haki ya kuiacha mashine itafune mpaka ijichokee, kama isingekuwa na sauti ya mama ndani yake. Mama alipokuwa hai, binti yangu alikaa naye kwa redio ya kaseti akamrekodi: utoto wake, ndoa yake, siku ya Uhuru, na mauaji ya mwaka sabini na mbili yaliyotukimbiza nchi. Kaseti zilipoanza kuota ukungu tukazihamishia kwenye kompyuta. Zile kaseti zenyewe nilimpa jirani, naye akazichomoa utepe na kuutandaza juu ya ndagala zake ili ufukuze ndege kwa kumetameta. Kaka alipopita akauona utepe ule unapepea, alisimama pale muda mrefu. Tangu siku hiyo hakula tena ndagala za jirani yule, na mimi nilidhani amekinai samaki.

Kwa hiyo mama alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya lile sanduku. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kumtaka. Katika rekodi ile mama anaeleza tulivyokimbia kwa ziwa. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala mwenye mitumbwi miwili. Mimi, mama na kaka tulikuwa katika mtumbwi mmoja. Baba na dada yetu wa katikati, yule aliyekuwa akinisuka nywele, walikuwa katika mwingine. Mama anasema wimbi likatutenganisha, sisi tukashuka Tanzania, na mtumbwi wa baba ukasukumwa upande wa Kongo. Nilikuwa mdogo, sijaanza hata shule. Nilichukua neno hilo la Kongo nikakua nalo.

Tuliporudi Rumonge baada ya miaka mingi ya ukimbizi, kila mtu aliyevuka kutoka Baraka au Fizi, miji ya upande wa Kongo, kuja kuuza kitu soko la huku, nilimwuliza. Unamjua mzee mmoja mvuvi, mrefu, ana kovu kidevuni, huenda ana binti? Walinizoea. Wengine wakinitania kwamba sasa baba yangu atakuwa amezeeka kuliko milima ya kwao. Nami niliwajibu kwamba milima yao haijui kufunga nyavu. Asubuhi hewa ikiwa safi, milima hiyo huonekana wazi ng'ambo ya maji, na mimi hunywa chai yangu nikiwa nimeielekea.

Basi mashine ilipoanza kutafuna, nilishikwa na hofu ya kweli. Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo kila mtu wa hapa hufanya umeme ukitibuka: nilichomoa waya ukutani. Nikampigia binti yangu kumweleza kwa fahari.

"Mama, usizime hivyo," akasema. "Utaiua. Zima polepole kwa kufuata njia."

"Njia gani? Iko inajitafuna."

"Ile taa ndogo ya mbele, iko inawaka na kuzima?"

"Haipumziki. Kama jicho la mutu mwenye vumbi."

Akaniambia kwamba taa ile na sauti ile maana yake diski inasoma na kuandika bila kukoma, na kwamba lazima tujue ni kitu gani kinachoisumbua. Diski, alisema, ina sahani inayozunguka na kidole kinachokimbia juu yake. Ikikimbizwa mchana kutwa itachoka, na ikichoka haiagi. Aliniuliza kama ninasikia mlio mwingine, wa kugonga. Nilipotega sikio vizuri niliusikia: tak, tak, katikati ya krr. Akaniambia tufanye haraka.

Tulianza na virusi, maana watoto wa mtaa walikuwa wakija na vijiti vyao vya kuhifadhia nyimbo za harusi, na mimi kwa upole wangu wa kijinga nilikuwa nikiwaruhusu. Tuliwakuta virusi kadhaa, tukawafuta. Krr ikaendelea. Tukang'oa kile kidude cha intaneti, tukidhani mashine inajipakulia vitu vipya bila ruhusa. Krr. Binti akanieleza kwamba kuna mtumishi mmoja ndani ya kompyuta ambaye kazi yake ni kupekua kila faili na kuiwekea alama, ili ukitafuta kitu ukipate upesi; nikamsimamisha huyo naye, na nilifurahi sana, kwa sababu sipendi wapekuzi. Sauti ikatulia kiasi cha kunipa moyo, halafu ikaanza tena. Nilikaa nikaitazama mashine kwa hasira niliyokuwa nikiwatazamia watoto wanaocheka msibani.

Wakati wote huo kaka alikuwa kibarazani, mgongo wake umetugeukia, anashona wavu. Sikumwuliza kitu. Kaka na kompyuta, kwa nilivyojua, walikuwa wanapitana tu kama wageni.

"Sasa Mama, fungua dirisha la kuonyesha nani anaandika," binti akasema. Nilikuwa nimeiweka simu mezani, sauti yake juu, mikono yangu ikiwa kwenye kipanya. Alinielekeza mpaka nikafika penye orodha ndefu inayohamahama. "Panga kwa kuandika. Yule wa juu ndiye mwenye makosa. Unaona jina gani?"

Nilivaa miwani. Niliona, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Mama?" binti akaita. "Unaona nini?"

Niliona *Mama*. Folda tuliyoipa jina hilo, yenye sauti yake. Ndani yake kulikuwa na nyingine inaitwa *Akiba*, ndani ya Akiba kuna Mama tena, na ndani ya huyo Mama kuna Akiba, kisha Mama, kisha Akiba, kisha Mama, mstari ukipita ukingo wa kioo na kuendelea huko nisikokuona. Na kila nilipopepesa macho mstari ulikuwa umerefuka. Mimi ni Mwislamu, ninajua kwamba wafu wamelala. Lakini nakiri niliuondoa mkono wangu haraka kwenye kipanya, na nikasoma kila dua niliyoikumbuka.

Kisha nikamsomea binti yangu. Alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyepata jibu, halafu akaacha kucheka.

"Mama, kuna mutu ameweka ile programu ya kunakili. Ile niliwaachia, ya kupeleka nakala kwa kijiti kila saa. Lakini amebadilisha pa kupeleka. Ameiambia iweke nakala ndani ya folda ileile inayonakiliwa. Sasa kila ikinakili, inakuta nakala ya saa iliyopita, inainakili na yenyewe. Haiwezi kumaliza. Hata mwaka ujao haitamaliza."

"Nani afanye ujinga huo? Humu hakuna mutu."

"Mama. Humu muko wawili."

Niligeuka. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, wavu ukiwa bado mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa mkono ukiwa mfukoni mwa jirani.

"Yaya," nikamwita, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku. "Ni weye?"

"Ni miye."

"Unajua kutumia hii mashine?"

"Kidogo. Ukienda soko ninamusikiliza mama." Aliweka wavu chini. "Kile kijiti kilipasuka. Nikaona mama amebaki pahali pamoja. Haiko muzuri mutu kubaki pahali pamoja. Nikamwekea akiba."

Huyu ndiye mtu niliyekuwa nikimwuliza kila Ijumaa kama anataka nimwekee sauti ya mama naye anatikisa kichwa. Kumbe kila nilipotoka na kikapu, alikuwa anavuta kiti.

Kule kwenye simu binti yangu alimwamkia, kisha akamweleza kwa adabu, taratibu, kama anavyoelezwa mkubwa. "Mujomba, ulifikiri vizuri. Lakini nakala ikikaa ndani ya diski ileile, haiko nakala. Unaona ni vitu viwili, kumbe ni kitu kimoja. Diski ikikufa, vinakufa vyote pamoja. Na hii kazi ya kunakili ndiyo iko inaiua."

Kaka alitafuta kiti kwa mkono, bila kutazama, akakaa. Akabaki anaitazama ile taa.

"Kama kamba," akasema.

"Kamba gani, yaya?"

Sikumbuki kama nilikuwa na hofu tayari. Nafikiri nilikuwa na hasira tu, hasira ya mtu anayetaka kurudi kwenye kazi.

Ili msomaji aelewe, lazima nirudi kwenye jambo moja ambalo mama analisimulia katika rekodi kwa kucheka. Wavuvi wa ndagala wa ufuko huu huunganisha mitumbwi, huu na huu, kwa miti na kamba, na katikati hushusha wavu. Baba aliamini hakuna chombo kilicho salama kikiwa peke yake. Siku ya Uhuru aliipamba mitumbwi yake yote miwili kwa majani ya migomba, akaifunga ubavu kwa ubavu, akawapakia majirani na kuwapitisha kando ya ufuko, ngoma zikilia nchi kavu, na kaka, aliyekuwa mtoto mdogo, akiwa amekalishwa mbele kabisa. Abiria walikuwa wengi mno na maji yalikuwa karibu na mdomo wa mtumbwi, lakini baba aliwaambia watu wasiogope, vilivyofungwa pamoja havipinduki. Mama anacheka sana hapo. Nami nimecheka naye mara nyingi.

Kaka alianza kusema, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile, wala kabla, wala baada.

"Ile asubuhi tulikimbia, mvua ilikuwa inanyesha. Watu walikuwa wanakufa pande zote, nilikuwa nimeona jirani zetu. Mama akasema tugawanyike. Huyu huku, huyu kule, kitu kikitokea tusiishe wote. Baba akakubali. Akatupa siye mutumbwi muzuri, yeye akachukua ule wa zamani, wenye aliziba na pamba. Lakini tulipofika kwa maji, akaufunga kwa wetu. Kamba ndefu. Mama akamwambia, nilisema tugawanyike. Akasema, tumegawanyika, si muko kwenu na miye niko kwangu? Mukono yake ilizoea. Hakuweza kuona mitumbwi mbili haifungwe."

Krr, krr, ilisema mashine.

"Katikati ya maji upepo ukaamka. Ule wa zamani ukafunguka chini. Nilimuona dada anachota maji na sufuria, anachota, anachota. Ukaanza kuzama. Na ukizama unavuta kamba, na kamba inatuvuta na siye. Sehemu ya nyuma ya mutumbwi wetu ikashuka, maji ikaingia. Miye ndiye nilikuwa nyuma. Miye ndiye nilikuwa na kisu."

Nilivuta kiti changu karibu na chake.

"Baba alikuambia ukate?" nikauliza. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka hivyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

"Hakusema kitu. Aliinua kamba juu ya maji. Aliishika kwa mikono mbili akaikaza, ili kisu kifike vizuri." Kaka alionyesha kwa mikono yake mwenyewe, ngumi mbili zilizoachana kidogo, mbele ya kifua. "Dada alikuwa anachota tu. Hakuinua uso."

Nilitaka kumwambia anadanganya. Lakini katika yale machache ninayoyakumbuka mwenyewe kuhusu asubuhi ile, kuna moja ambalo hakuna aliyenisimulia: nimefunikwa uso kwa kitenge cha mama, ninanusa mvua na mawese, na ghafla mtumbwi unaruka mbele, mwepesi, kama punda aliyefunguliwa mzigo. Miaka yote niliuita mruko ule wimbi. Nikiwa nimekaa pale mbele ya kompyuta, mwili wangu uliurudia upya, na nikajua kwamba halikuwa wimbi. Nilishika meza kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo Kongo..." nikasema.

"Hakuna Kongo, mudogo wangu. Niliona wanaishia. Hakuna mutu alifika Kongo."

"Miaka yote hii ninauliza watu. Unanisikia ninawauliza. Umekaa hapo kibarazani unanisikia."

"Mama alinikatazaka. Alisema, ni wimbi. Akalisema kila siku mpaka likawa wimbi. Hata kwa kaseti alilisema. Ndiyo maana..." Alielekeza kidole kwenye lile sanduku. "Ile ni pahali moja tu mutu anasema haiko miye."

Sitajifanya mwema. Nilimchukia. Nilimchukia mama pia, aliyenipa baba aliye hai ili mwanawe wa kiume aweze kulala usingizi, na nikamchukia baba kwa fundo lake. Nilihesabu nyuso zote za wale watu wa Baraka, wauza vitenge na wauza mihogo, waliotikisa kichwa kwa huruma. Niliona aibu, kisha nikaona hata aibu haitoshi, nikabaki nimekauka tu, nikimtazama mzee mwenye mvi anayelia bila sauti, na nikakumbuka kwamba aliyeshika kisu kile ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinamchipuka.

Tak, tak, tak. Ule mlio wa kugonga uliongezeka.

"Mama," binti akasema kwa sauti ndogo sana. "Mujomba. Samahani. Lakini lazima isimamishwe sasa. Ikifa, na bibi ataenda. Mukiisimamisha kwanza, tutaweza kutoa zile faili za kweli, za mwanzo."

Kwenye kioo kulikuwa na kitufe cha kusimamisha, kwa Kifaransa. Nilimsogezea kaka kipanya, maana kazi ilikuwa yake na nilitaka aimalize mwenyewe. Labda nilitaka pia kumwadhibu. Aliurudisha mkono wake nyuma.

"Bonyeza weye," akasema. "Miye nilikwisha kukata mara moja."

Nikabonyeza. Mashine ikatafuna kidogo, ikapunguza, ikanyamaza. Taa ikazimika. Tulikuwa tumeizoea ile sauti kiasi kwamba kimya chake kiliumiza masikio, na kaka aliinua kichwa upesi, akasikiliza, akaniuliza kama ninasikia kitu. Nikamwambia sisikii kitu. Akasema hata siku ile ilikuwa hivihivi, walinyamaza wote mara moja.

Zile faili za mwanzo zilikuwa nzima. Tulizitoa siku hiyohiyo, tukarudisha kile kidude cha intaneti, tukamtumia binti yangu, zikakaa kwake ng'ambo; nakala nyingine nikaiweka kwenye kijiti kipya, nikampa kaka. Amekifunga katika kitambaa na hukaa nacho mfukoni. Kabla ya kukifunga aliniuliza, akitazama chini, kama nitataka kufuta ile sehemu ambayo mama anadanganya.

Nilifungua rekodi, tukaisikiliza wawili, kwa mara ya kwanza pamoja. Mama akafika penye ziwa. Akasema wimbi lilikuwa kubwa, likatutenganisha. Halafu akasema, polepole, "Hakuna mutu alifanya kitu." Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi nikidhani anamwambia binti yangu. Sasa nilisikia, nyuma ya sauti yake, sindano ya kushonea nyavu ikigonga kwenye ubao. Siku ya kurekodi kaka alikuwa ameketi chumbani humo. Mama alikuwa akiongea naye. Nikamwambia tusifute kitu.

Siku ya soko iliyofuata, yule mama wa Baraka anayeuza vitenge alikuwa pale pake. Nilichambua vitenge vyake, nikavikunjua, nikavikunja. Alinisubiri, akatabasamu.

"Mwalimu, leo hauniulize?"

"Leo siulizi."

"Ulimupata?"

Nilikuwa nimeshika kitenge chenye rangi ya kile cha mama, na mikono yangu, bila mimi kuiambia, ilikuwa imekikaza mbele ya kifua.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimupata."